Kutoka barazani hadi kwenye laini: yale ninayowaambia mafundi wenzangu kuhusu kiwanda

Mafundi cherehani wanaofikiria kwenda kuomba kazi kiwandani hunijia na swali moja: wanalipa shilingi ngapi? Nawajibu, kisha na mimi nauliza: unajua kushona gauni mwanzo mwisho? Wanacheka, fundi gani hajui. Hapo ndipo ninapotaka wakae kwanza, kabla hawajauza cherehani na kukata tiketi ya basi. Gauni lako zima hakuna anayelihitaji huko. Wanahitaji mkono wako kwa kazi moja na saa zako zote, na bei wanayokupa ni ya hivyo viwili.

Nilikaa kiwandani miaka, nikatoka, na sasa nina karakana ya sare za shule hapa Korogwe. Simkatazi mtu kwenda. Mimi mwenyewe paa la mama yangu lina bati kwa sababu ya kiwanda. Ila nimeona watu wakienda na ufundi wakarudi bila ufundi wala akiba, na nimeona wengine wakitoka na vyote viwili, na tofauti haikuwa bahati peke yake.

Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa Kizigua kwenye baraza la duka la vitenge karibu na stendi. Alikuwa na Butterfly ya kukanyaga ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuitia mafuta isipokuwa yeye. Mwanzoni nilifagia vipande, nikafumua nguo alizokosea mwanafunzi mwingine, nikatia vifungo na kupiga pindo kwa mkono. Cherehani nilikuja kuikalia baadaye. Mkasi baadaye zaidi, maana kwa fundi mkasi ndio elimu yenyewe. Kitambaa kikishakatwa vibaya hakuna dua. Tulijifunza kukata kwa mifuko ya saruji, tukifungua ile karatasi na kuchora juu yake. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, mteja ataficha kitambi chake, futi haifichi."

Sitaki kulipamba baraza. Wiki ya Iddi na wiki ya Krismasi tulikuwa hatulali, na masika tulikuwa tunacheza bao kuanzia asubuhi. Pesa ilikuja kwa nguo, nguo ikija. Kila fundi ni mwongo wa "njoo kesho", na mimi nilikuwa mwongo mzuri. Mitumba ilikuwa imeshachukua mashati na suruali siku nyingi, sisi tukabakiwa na sare za shule, vitenge vya harusi na kazi ya kupunguza hiyo hiyo mitumba iwakae watu. Lakini saa zilikuwa zangu. Mwanangu akiumwa nilifunga cherehani nikaenda hospitali, na aliyekasirika ni mteja mmoja tu, naye nilimtuliza kwa kumpunguzia.

Nilipoenda Dar nilifikia kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, Buguruni. Kiwanda kilikuwa kinashona suruali za kazi za kupelekwa Marekani. Sitakitaja jina. Viwanda vya namna ile vilipata nguvu kutokana na AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu nguo kutoka nchi nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru, hata kama kitambaa chenyewe kimetoka nje ya Afrika. Kwa hiyo marobota yaliyofika kwetu yalitoka Asia, na pamba ya Shinyanga na Simiyu ikapishana nayo bandarini ikienda kusokotwa kwa watu. Hilo lilinishangaza kuliko ukubwa wa jengo.

Getini walitupa jaribio. Niliandaa moyo kushona kola, maana kola yangu ilikuwa inasifiwa. Supavaiza akanipa karatasi yenye mistari, akasema piga sindano juu ya mstari bila uzi, akashika saa. Halafu akanipa vipande viwili niunganishe, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akiangalia saa na si mshono. Nikapita. Wenzangu wawili waliokuwa mafundi wazuri kuniliko wakakataliwa, mmoja alisimama katikati ya mshono kurekebisha kosa dogo. Ukienda, jua hilo: wanapima mwendo kwanza. Mshono utanyooka baadaye, ndivyo wanavyoamini, na kwa kazi ya namna ile hawakosei sana.

Nikapewa mfuko wa nyuma wa kulia.

Nasema sawasawa: wa kulia. Wa kushoto ulikuwa wa dada mmoja kutoka Mtwara aliyekaa mbele yangu. Suruali ile ilipita mikononi mwa watu zaidi ya thelathini waliokaa kwa mstari, na mstari huo ndio tuliouita laini. Kuna aliyepiga pindo la mfuko tu, kuna aliyetia zipu, kuna aliyefunga mkanda, kuna dada ambaye siku nzima alikata nyuzi zilizoning'inia. Vipande vilikuja vimefungwa mafungu yenye namba, unafungua, unashona, unafunga, unamsukumia wa mbele. Mashine za Juki zilikuwa za umeme, ukigusa pedali tu inaruka. Wiki ya kwanza nilijishona kidole. Nilifunga kitambaa nikaendelea, na hapo nakushauri usinifuate: jeraha la kazini, hata la sindano, liandikwe kwenye daftari la ajali siku hiyo hiyo. Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini mfuko haulipi kidole ambacho hakikuandikwa popote.

Kijana wa dada alikuwa sekondari, na jioni alisoma kwa sauti masomo yake ya historia, mapinduzi ya viwanda Uingereza. Nilikuwa nimelala chali sakafuni kwa ajili ya mgongo, nasikia. Akasoma habari ya mwanauchumi Adam Smith aliyeandika mwaka 1776 kuhusu karakana ya pini: kazi ya kutengeneza pini ikigawanywa vipande kama 18, watu kumi wanatoa pini 48,000 kwa siku, wakati mtu mmoja asiyeizoea kazi, akifanya peke yake, pengine asifikishe 20. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia, huo ndio mfuko wangu wa kulia. Kuanzia hapo nikawa namwomba anisomee, na baadaye nikasoma mwenyewe.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba mashine siyo iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko yote. Mashine nilikuwa nayo Korogwe. Cherehani imeingia kwenye mabaraza yetu zamani na fundi akabaki fundi, akaongeza kasi tu. Kilichobadilika Uingereza ni pale Richard Arkwright, mtu aliyeanza maisha kama kinyozi, alipojenga kinu cha kusokota uzi Cromford mwaka 1771, kikiendeshwa kwa nguvu ya maji. Kabla ya hapo uzi ulisokotwa nyumbani, mama na mabinti, katikati ya kupika na kulisha kuku, na baba akafuma. Sasa uzi ukawa mahali pamoja, na watu wakatakiwa kuufuata uliko, kwa saa ya mwenye kinu, mchana na usiku kwa zamu. Watoto walikwenda pia. Sheria ya Uingereza ya 1833 ilikataza wenye umri chini ya miaka 9 kwenye vinu vingi vya nguo, na waliobaki, hadi miaka 13, wakawekewa saa 9 kwa siku. Waliokataza hawakatazi kitu ambacho hakipo.

Sisi hatukuwa na watoto kwenye laini. Lakini saa tulikuwa nayo. Geti lilifungwa saa moja kamili asubuhi, unaweka dole gumba kwenye kimashine, kinakujua. Dakika chache za foleni ya daladala Tazara zilikuwa zinakatwa mshahara. Chooni unakwenda kwa kadi, kadi ni chache, laini ni ndefu. Wengi wetu tukawa hatunywi maji, na wengi wetu tukaishia zahanati na maradhi ya njia ya mkojo. Kunywa maji, dada yangu. Wakikusema kwa kadi ya choo, wakuseme.

Saa ya kutoka ndiyo ilikuwa na ugomvi zaidi. Mchana, baada ya kula, supavaiza anapita: leo kuna ovataimu, mzigo unaondoka na meli. Hakuulizi. Mwanzoni nilifurahi kwa sababu ya pesa, nikaja kugundua kwamba sijui nitarudi nyumbani saa ngapi hata siku moja. Wengi wetu hatukujua sheria inasemaje, na ilikuwepo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Ziada ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu, mara mbili. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya saa moja. Dada wa Mtwara ndiye aliyeanza kuandika saa zake kwenye daftari la shule, kila siku, alipoingia na alipotoka. Mwisho wa mwezi alikuwa analinganisha na hati ya mshahara. Walipomkuta amepunjwa alirudishiwa bila kelele, maana daftari halibishani. Tukaiga.

Mshahara sasa, maana najua ndio mnaosubiri. Miaka ile amri ya kima cha chini ya 2013 ilikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi kwa viwanda na biashara, na sisi wa laini tulianzia hapo hapo. (Januari 2023 kikapanda hadi 150,000, amri hizi hubadilishwa, ulizia iliyopo sasa kabla hujasaini.) Ondoa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nililipa chumba shilingi 30,000 nilipohama kwa dada, nauli kwenda na kurudi, sahani ya mama ntilie mchana, na ya kutuma nyumbani. Bila ovataimu ilikuwa haifiki. Nadhani hesabu ilipangwa hivyo, ingawa hakuna aliyewahi kuisema: mshahara unaokulazimisha kutamani zile saa unazozilaani.

Pamoja na hayo, kulikuwa na kitu ambacho baraza halikuwahi kunipa: tarehe. Pesa inayokuja tarehe inayojulikana ni pesa nyingine kabisa. Niliweza kuingia kikoba. Niliweza kukopa na nikaaminiwa. Kaka zangu, ambao zamani waligawana shamba bila kuniuliza, wakaanza kupiga simu: dada, unaonaje? Sikuwa na busara zaidi ya mwaka uliotangulia. Nilikuwa na mshahara. Laini yetu ilikuwa wanawake karibu yote, wengi hawajafika thelathini, na kila mmoja alikuwa na kaka wa namna hiyo nyumbani.

Gharama yake ilikuwa mwanangu. Nilimwacha kwa mama yangu, kama walivyofanya karibu wote kwenye laini. Ukihesabu vizuri, kiwanda kile kilikuwa na wafanyakazi ambao hawakuwahi kuonekana getini: bibi zetu na mama zetu, Tanga, Mtwara, Dodoma, waliolea wajukuu bila posho ili sisi tuweze kuweka dole gumba saa moja. Mwanangu aliniita "dada" nilipokwenda likizo. Wenye mimba walikuwa wanaificha mpaka ikijitangaza yenyewe, wakihofia kuachishwa. Usifiche. Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi pamoja na cheti cha daktari miezi mitatu kabla ya kujifungua, ubaki na nakala. Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 kwa mapacha, yenye malipo. Ukirudi sheria inakupa hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Kwetu alizidai dada mmoja, akapewa kwa uso wa kukunja, na baada yake waliofuata hawakulazimika kudai.

Nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuwaona wenzetu wa zamani. Mji wa Lowell, Massachusetts, Marekani, ulijazwa mabinti wa wakulima waliotoka vijijini kwenda kwenye vinu vya pamba, wakilala kwenye mabweni ya kampuni, wakituma pesa nyumbani. Mwaka 1834 na tena 1836 waligoma, mara ya kwanza kwa kupunguziwa malipo, mara ya pili kwa kupandishiwa gharama za bweni. Na kitambaa cha vinu vya Massachusetts kilifika huku kwetu. Meli za Salem, bandari ya huko huko Massachusetts, zilikishusha Unguja, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833, na misafara ikakibeba bara. Ndiyo merikani, iliyokuwa nguo na tena ilikuwa sarafu, ilinunua pembe na chakula njiani. Misafara ya Pangani ilipanda na bonde la mto kupita huku huku kwetu. Wafipa walikuwa wakifuma pamba yao kwa mkono, nguo nzito ya kudumu, na kitambaa cha kiwanda kikaja kuwashinda kwa bei, kama kilivyowashinda wafumaji wa mkono wa Lancashire kabla yao. Basi sisi wa mfuko wa kulia tulikuwa tunarudisha suruali Marekani, karibu miaka mia mbili baadaye, na mashine ikiwa yetu kwa saa za mchana tu.

Mume wa shangazi yangu alikuwa Urafiki tangu miaka ya sabini. Kile kiwanda kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na pamba iliingia upande huu ikatoka upande wa pili khanga. Nilimtembelea Jumapili kumlalamikia, akanisikiliza, kisha akaanza yake. Alisema saa ya kengele ilikuwa ile ile, kelele za mitambo ya kufuma zilimharibu sikio, lakini mtu aliingia kijana akategemea kustaafu hapo hapo. Kulikuwa na timu ya mpira. Na Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipowakataza viongozi kiburi na ubabe, wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar waliuchukua ule waraka wakamsomea meneja usoni. "Nyinyi mnamsomea nani?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Meneja wetu alikuwa akibadilika kila mara, na mwenye suruali alikuwa ng'ambo, hatujawahi kumwona. Urafiki yenyewe ilikuja kupungua hadi ikabaki zaidi jina, na leo vijana wengi wanaijua kama kituo cha mwendokasi. Mzee hakupenda kulizungumza hilo.

Chama cha wafanyakazi, TUICO, kilikuwepo kwetu kwa makaratasi. Kadi nilichukua baada ya jambo la mlango.

Jambo la mlango lilikuwa hivi. Nyuma ya laini yetu kulikuwa na mlango wa dharura, na mbele yake maboksi ya mzigo uliokamilika, yamepangwa mpaka juu. Siku moja waya wa pasi ulitoa cheche na moshi, watu wakakimbilia kule, tukakutana na maboksi. Moto ulizimwa kwa ndoo, hakuna aliyeumia, na jioni tuliambiwa tufidie muda uliopotea. Usiku ule sikulala. Machi 25, 1911, kiwanda cha blauzi cha Triangle kule New York kiliwaka, mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, wakafa watu 146, wengi wao mabinti wahamiaji. Na Aprili 24, 2013, muda mfupi kabla sijaenda Dar, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilionekana siku iliyotangulia. Benki iliyokuwa chini iliwaambia watu wake wasije. Washonaji waliambiwa waingie kazini.

Tulikwenda kwa supavaiza watu wengi kwa pamoja, kwa makusudi, ili asipatikane wa kuitwa mchochezi. Maboksi yaliondolewa, yakarudi, yakaondolewa tena mtu wa chama alipomwandikia meneja na kuitaja OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Siku yako ya kwanza kiwandani, kabla hujaulizia mahali pa chai, tembea mpaka mlango wa dharura uusukume. Ukiwa umefungwa, hiyo ndiyo habari muhimu kuliko mshahara.

Kuhusu akili yangu sijui nisemeje. Kulikuwa na wiki nilizoota mfuko. Kulikuwa na siku nilishtuka kengele ya kutoka inalia na sikumbuki chochote tangu chai. Nilisoma baadaye kwamba Henry Ford alipoweka laini inayotembea mwaka 1913, muda wa kuunganisha fremu ya gari ulishuka kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na dakika 33, na watu wakawa wanaacha kazi kwa wingi kiasi kwamba Januari 1914 akatangaza kuwalipa dola tano kwa siku, karibu mara mbili ya kawaida. Sikushangaa. Kwetu nyuso zilibadilika kila mwezi, ila dola tano hatukuziona.

Kilichoniokoa ni udadisi, na huu ndio ushauri wangu mkubwa kwa anayekwenda. Usikae kwenye mfuko wa kulia. Mwenzako akiwa hayupo, jitolee kukalia kiti chake. Niliomba kufundishwa mkanda, halafu zipu, halafu ovaloki, halafu nikaomba kusaidia chumba cha kukatia. Wakati wa chakula nilikuwa nakwenda kutazama wanavyotandaza kitambaa tabaka kwa tabaka, wanavyopanga vipande ili mabaki yawe kidogo, wanavyohesabu mita za uzi kwa suruali moja. Fundi wa barazani hajui suruali inakula uzi kiasi gani, ndiyo maana hajui kama amepata faida. Wenzangu waliniona najipendekeza. Lakini oda zilipoanza kupungua na laini mbili zikafungwa, waliobakizwa walikuwa wale wanaojua viti vingi.

Mimi nami ilinifika baadaye. Waliita watu kumi kumi ofisini, karatasi imeshaandaliwa, kalamu juu yake. Kuna waliosaini bila kusoma kwa hofu ya kukosa hata kidogo kilichokuwepo, na ilikuwa ni karatasi ya kusema wameacha wenyewe kwa hiari. Usisaini siku hiyo. Omba kuondoka nayo, au omba mtu wa chama asome. Aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi anapewa taarifa ya siku 28 au malipo yake. Kuna likizo ambayo hukuichukua. Kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, kwa aliyefanya kazi mwaka mmoja mfululizo na hakufukuzwa kwa kosa la nidhamu. Kuna cheti cha utumishi. Ukiona umeachishwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inakupa siku 30 tu kufungua lalamiko, na siku hizo hupita upesi kwa mtu aliyechanganyikiwa. Michango ya NSSF usisubiri kutoka ndipo uiangalie, uliza taarifa yako kila mwaka. Kwangu miezi fulani ilikuwa imekatwa kwenye mshahara na haikufika, na ilichukua muda mrefu na nauli nyingi kuirudisha.

Nikarudi Korogwe na cherehani yangu ilikuwepo, maana mama aliifunika kitenge akakataa kuiuza. Mteja wa kwanza alileta kitenge cha harusi ya mdogo wake. Nikashika mkasi, na mkono ukagoma. Macho yalikuwa yamezoea vipande vilivyokwishakatwa na mtu mwingine. Nilikata kwanza kwenye mfuko wa saruji, kama mwanafunzi, nikampelekea fundi wangu wa zamani akague. Shikamoo fundi, nikasema. Akageuza karatasi, akasahihisha kwapa, hakuuliza nilikuwa wapi.

Sasa nina mabinti watatu wananisaidia sare. Desemba na Januari kazi ni ya kiwanda kabisa: nakata tabaka nyingi kwa pamoja, mmoja kola, mmoja mikono, mmoja pindo na vifungo, mafungu yana namba. Bila hivyo siwezi bei ya sare za dukani. Shule zikishafungua nawarudisha kwenye mkasi na futi, kila mmoja ashone nguo nzima ya mteja wake. Wawili wanapenda. Wa kola hataki. Nawalipa kwa idadi, na yeye kola zake zinatoka upesi kuliko za mtu yeyote mjini hapa, ila gauni zima linamchukua siku mbili na halimpi kitu. Aliniambia wazi: mama, mimi niache na kola zangu. Hesabu yake ni sahihi. Kwa hiyo miezi ya kujifunza namlipa kwa siku badala ya kwa nguo, na hasara hiyo nimeiingiza kwenye bei ya sare.